Soko la Kina Mama Lilitangulia Kahawa



Historia ya Kilimanjaro ikisimuliwa, tunasikia habari za wamangi na kahawa. Soko hutajwa kwa kupita tu, ingawa ni la zamani kuliko kahawa. Karne ya 19, Rindi wa Moshi, Sina wa Kibosho na Marealle wa Marangu wakipigana na kuporana ng'ombe, kina mama waliendelea kwenda sokoni na ndizi kichwani. Hata wanawake wa Kimaasai walikuja kubadilishana vitu wakati waume zao na babu zetu ni maadui. Ndizi zilishuka, magadi na vyungu vikapanda kutoka tambarare.

Kahawa ilipokuja, fedha yake ikawa ya baba. Chama cha KNPA kilianza 1925, KNCU 1933, na daftarini kiliandikwa jina la baba. Malipo yalikuwa ya msimu. Ndizi zilibaki za mama, na siku ya soko haikusubiri msimu. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa na madaftari yetu ya shule vilitoka kwenye pindo la khanga. Mimi ni mhasibu. Mkungu wa ndizi ukiutoa, hesabu za nyumba yetu hazifungi.

Pembeni mwa soko ndipo palipopikwa: mtori, kiburu, ndizi za kuchoma, na mbege kwenye kata (wazee wetu hawakuwa na haraka ya kurudi nyumbani). Baadaye ikaja chai na maandazi, kisha wali maharage, na jina la mama lishe. Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Kwa anayepika kwenye mafiga matatu, kulipa mara moja kulikuwa nafuu kuliko ushuru wa kila siku.

Michango ya mwaka huu ni ya mabanda ya mama lishe, bomba la maji na choo. Wapo wanaotaka vizimba vikikamilika vipangishwe kwa mnada. Kimahesabu mnada utaleta fedha zaidi, sikatai. Ila atakayeshinda hatakuwa yule anayepika pale leo. Naomba waliopo sasa waandikwe majina kabla msingi haujachimbwa.