Mgonjwa Anapoweweseka Baada ya Upasuaji wa Moyo



Ndugu wasomaji, mzee anapasuliwa moyo, siku mbili anazungumza vizuri, kisha usiku wa tatu anaanza kuweweseka. Hajui alipo, anamtukana mwanawe, anawadhania wauguzi kuwa ni maadui. Wengine husema kapatwa na jini. Wengine husema ndiyo tabia aliyokuwa akiificha. Tuitazame historia.

Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Marekani, Dokta John Gibbon alimpasua moyo msichana wa miaka 18. Kwa dakika 26 mashine ilifanya kazi ya moyo na mapafu yake, naye akapona. Upasuaji huo ukaenea na wengi wakaokoka. Lakini mwaka 1964 na 1965 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa walioamka salama, kisha wakaanza kuona visivyokuwepo. Kukosa usingizi na kelele za mashine vilitajwa kuwa miongoni mwa sababu. Kwa kuwa wengi walitulia wakishahamishiwa wodi ya kawaida, ilidhaniwa kuwa jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 225 wa Marekani wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Asilimia 46 waliweweseka. Baada ya miezi 6, asilimia 40 ya hao walikuwa hawajarudia uwezo wa akili waliokuwa nao kabla ya upasuaji. Kwa wasioweweseka ilikuwa asilimia 24. Baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo ilipungua. Basi wengi hurudi, ila hurudi polepole.

Funzo ni nini? Kabla ya upasuaji, mwambieni daktari kama mzee ana tabia ya kusahau. Hospitalini, mpeni miwani yake, kaeni naye, mkumbusheni siku na wakati, kwamba sasa ni Alasiri. Usiku aachwe alale. Nyumbani, msaidieni kufuata dawa na hesabu za fedha kwa miezi, si kwa siku. Akizidi kusahau, mrudisheni kwa daktari.

Na yale matusi? Sharia imeifanya akili kuwa sharti la kuwajibika. Mwana asiyaweke moyoni maneno ambayo baba yake hakuyakusudia.