Kuomba Nyongeza ya Mkopo Baada ya Kubadilisha Kozi

SWALI: Mimi ni binti wa Mamba, wilayani Same. Nimehama kozi ya ualimu wa sayansi kwenda famasia. Ada imepanda, mkopo umebaki uleule. Wenzangu wanasema nifiche shamba la tangawizi la baba ili niongezewe. Yafaa? Na je, mjomba anaweza kunipa zaka?

JIBU: Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Kwanza, kuomba nyongeza kunafaa. Katika hadithi ya Samura bin Jundub (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) amekemea kuombaomba, ila amemtoa anayemuomba mtawala au aliyefikwa na jambo lisiloepukika. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hugawa fedha za umma. Chukua barua ya chuo ya kukubaliwa uhamisho, umuone afisa mikopo wa chuoni, na dirisha la rufaa likifunguliwa ukate rufaa.

Pili, kuficha shamba ni haramu. Bodi hupima uwezo wa familia kwa maelezo yako, na fungu lenyewe halitoshi wote; utakachopata kwa uongo huenda kilikuwa cha yatima. Lakini shida yako ieleze yote: bei ya tangawizi inavyoyumba, na wadogo zako wanaosomeshwa na shamba hilohilo. Huo si uongo.

Tatu, zaka. Wanaostahiki wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Imam An-Nawawi katika Al-Majmu' amemruhusu kupokea zaka anayezuiwa kuchuma na masomo ya sheria, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameingiza elimu wanayoihitaji Waislamu, kama tiba. Kwa madhehebu ya Shafi, mjomba hawajibiki kukulisha. Hivyo akikupa ukiwa mhitaji, ana thawabu ya sadaka na ya kuunga udugu. Baba hawezi kuhesabu matumizi yako ya lazima kuwa zaka yake.

Mwisho, binti yangu, mkopo ni deni. Uchukue kwa nia ya kulipa. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyowatia wengi hofu ya riba, ilifutwa mwaka 2021.

Wallahu a'lam.