Akili Baada ya Kisu

Tangu mwaka 1927, serikali ya Kiingereza ilipoasisi hospitali ya Mirembe, Dodoma imetajwa nchi nzima kwa maradhi ya akili, hata ikawa mtu asemaye yasiyoeleweka huambiwa kuwa mahali pake ni Mirembe. Na kwa mazoea hayo, mzee aliyepasuliwa mfupa wa paja akaamka usiku wa pili aking'oa mpira wa mkojo, akiwaita ng'ombe waliokufa zamani na kumwita muuguzi kwa jina la bintiye, jamaa zake hawakawii kudhani kwamba amerukwa na akili.

Dhana hiyo si ya Dodoma peke yake. Mwaka 1887 tabibu Mwingereza, George Savage, aliandika juu ya wazimu uliofuata dawa ya usingizi. Na mwaka 1955 Bedford, aliyewachunguza wazee huko Oxford, alisikia kutoka kwa jamaa zao kuwa mgonjwa, tangu apasuliwe, si yule waliyemzoea. Kwa muda mrefu lawama ziliangukia upungufu wa hewa na kushuka kwa shinikizo la damu, hata ulipotoka mwaka 1998 uchunguzi wa nchi kadhaa juu ya wagonjwa zaidi ya 1,200 waliotimiza miaka 60: baada ya juma moja kadiri ya robo yao walikuwa wamepungukiwa na kumbukumbu au fikira, na baada ya miezi mitatu mmoja katika kumi, wala hewa na damu hazikueleza tofauti yao. Kwa juma lile la kwanza miongoni mwa sababu zilikuwamo umri, urefu wa muda wa dawa ya usingizi, kupasuliwa tena, maambukizi na uchache wa elimu. Baada ya miezi mitatu ukasalia umri.

Hilo la elimu lahitaji hadhari katika nyanda za kati, kwani mfugaji wa Bahi asiyepata kushika kalamu, ingawa ahifadhi moyoni rangi na nasaba ya kila ng'ombe zizini, aweza kushindwa mtihani wa herufi na tarakimu wa kupimia fikira kabla hata ya kisu kumgusa. Basi katika Dodoma hii, shahidi mwadilifu wa akili ya mzee ni yule ndugu anayemwuguza. Naye yafaa aulizwe, na jibu lake liandikwe, kabla mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji.