Usafiri Endelevu na Njia ya Unyanyembe

Miongoni mwa istilahi zilizotuingilia kwa wingi miaka hii, usafiri endelevu ni mojawapo ya zile zinazotamkwa sana na kufasiliwa kidogo. Umbo lake halina ila, kwani kama vumilia lilivyozaa vumilivu, ndivyo endelea lilivyozaa endelevu. Na maana yake, kwa kufuata fikra iliyoenezwa na ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1987, ni usafiri unaokidhi haja za walio hai pasipo kuwadhulumu watakaozaliwa.

Neno hilo la dhuluma ndilo la kushikilia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji, ilikwenda kwa miguu kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Hivyo pembe, nguo na ushanga vilichukuliwa mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi wakiwa ndio mashuhuri kupita wote, kila mmoja akibeba takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32. Wapelelezi Burton na Speke, walioifuata njia hiyo, waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh ya Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Moshi haukuwako, ilhali ndui na njaa viliua njiani, na watumwa walipitishwa humo humo. Basi atakayeiita njia hiyo endelevu kwa usafi wa hewa tu ameifasili nusu.

Ama mifumo ya usafiri inayosifiwa kuwa na akili, mimi ningeiita mifumo tambuzi, maana akili ni sifa ya mtu, bali kazi ya mfumo ni kutambua hali ya njia na kumfikishia habari msafiri kabla hajaikuta. Kirangozi aliyetangulia msafara alipofika penye njia panda aliweka tawi la mti kukingama njia isiyofaa, na waliosalia nyuma, hata wakichelewa kitambo kirefu, hawakupotea. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilikuwa na haja ile ile kwa ukali zaidi, kwani njia ni moja, na treni mbili zinazoelekeana sharti zipishane stesheni. Mkuu wa stesheni hakuiachia treni mpaka mwenzake wa mbele ameafiki. Kompyuta za reli ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, zafanya kazi ya nasaba hiyo hiyo kwa kasi kubwa mno.

Ninayoikataa ni ibara ya usafiri mbadala, inayokusanya miguu, baiskeli na magari ya umma. Mbadala wa nini? Aliyeibuni alikuwa na gari mlangoni. Huku Tabora mtu hufunga madumu ya asali kwenye keria ya baiskeli kwa mpira uliochanwa kutoka tyubu kuukuu, akajaribu uzito kwa kuitikisa, akashika njia ya sokoni akiisukuma penye mchanga. Kwake yeye gari ndilo mbadala, tena la nadra. Afadhali tuseme usafiri usio wa gari binafsi, ingawa ni ndefu, kuliko kumwandikia mhandisi wa barabara istilahi itakayomfanya amtengee mwenye baiskeli kile kipande cha ukingo kilichobaki baada ya lami kwisha.