Nyumba, Sheria na Ardhi katika Tamthilia ya Lorraine Hansberry

Tamthilia ya A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry ilianza kuigizwa Broadway, New York, tarehe 11 Machi 1959. Ilikuwa ya kwanza ya mwanamke Mmarekani Mweusi kufika katika jukwaa hilo. Mara nyingi husomwa kama ugomvi wa familia juu ya fedha. Makala haya yanadai kuwa kiini chake ni historia ya haki ya kumiliki nyumba.

Familia ya Younger, watu watano wa vizazi vitatu, imebanana katika nyumba ya kupanga kusini mwa Chicago. Baba amefariki, na bima yake inalipa dola 10,000. Mjane wake, Lena, anatoa dola 3,500 kuwa malipo ya awali ya nyumba katika mtaa wa Wazungu. Zinazosalia, zikiwemo za masomo ya udaktari ya bintiye Beneatha, anamkabidhi mwanawe Walter, naye anazipoteza kwa mshirika laghai.

Mkasa huo una mizizi katika maisha ya mwandishi. Mwaka 1937 baba yake, Carl Hansberry, alinunua nyumba Chicago mahali ambapo wenye nyumba walikuwa wamefunga mkataba wa kutowauzia wala kuwapangisha Weusi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi mwaka 1940, lakini kwa hoja ya utaratibu tu. Mikataba ya aina hiyo haikubatilishwa. Hatimaye, mwaka 1948, iliamua katika shauri jingine kuwa mahakama haziwezi kuitekeleza.

Historia hiyo inamfafanua Karl Lindner, mjumbe wa wakazi Wazungu. Haji na amri ya mahakama. Anakuja na maneno laini na fedha ili akina Younger wasihamie. Ubaguzi umebadili vazi, haukubadili nia. Walter anapomkatalia, familia imekwisha kupoteza akiba yake. Kwa hiyo heshima anayoitetea ina gharama halisi.

Katika tendo la pili, Walter akiwa amelewa anamtaja Jomo Kenyatta kuwa shujaa wake. Tamthilia ilipoanza kuigizwa, Kenyatta alikuwa bado kifungoni, na nyanda zenye rutuba za Kenya zilikuwa zimetengewa walowezi. Kauli hiyo ya mlevi ina mantiki: Chicago na Kenya ziliulizana swali moja, yaani nani mwenye haki ya kumwamulia mwenzake pa kuishi.