Thunderbird: Historia Iliyomo Ndani ya Namba za Matoleo

Anayeipitia orodha ya matoleo ya Thunderbird, programu huria ya kusomea na kuandikia barua pepe kwenye kompyuta, hukutana na hesabu ya ajabu. Baada ya 1.0 likaja 1.5, kisha 2.0, kisha 3.0 na 3.1, toleo la 4 halikutoka kabisa, na mara likatokea 5.0. Mwaka mmoja na nusu baadaye namba zilikuwa zimekwisha kukimbia hadi 17, halafu zikaanza kuruka saba saba: 24, 31, 38, 45, 52. Leo zimevuka 140. Hakuna uzembe katika hesabu hiyo. Karibu kila ilipobadilika, kulikuwa na mlezi aliyebadilika au mlezi aliyepunguza malezi, na kwa sababu hiyo ni vema kuanza na walezi wenyewe.

Wa kwanza alikuwa Netscape. Kampuni hiyo ya Marekani ilitawala soko la vivinjari katikati ya miaka ya 1990, hadi Microsoft ilipoanza kutoa kivinjari chake bure pamoja na Windows. Mwaka 1998, ikiwa imebanwa, Netscape iliamua kuuweka wazi msimbo wa programu zake ili yeyote ausome na kuuendeleza, na hapo ukazaliwa mradi wa Mozilla. Mwaka uliofuata kampuni ikawa mali ya AOL. Wakati huo kivinjari na barua pepe vilikuwa ndani ya furushi moja zito, na aliyehitaji kimoja alilazimika kuchukua vyote.

Julai 2003 AOL iliivunja idara yake ya Netscape. Ili kazi isipotee, iliahidi dola milioni 2 za kuanzishia Wakfu wa Mozilla, taasisi isiyo ya kibiashara. Mwezi huohuo likatoka toleo la 0.1 la Thunderbird, lililotokana na jaribio la kuitenga barua pepe na kivinjari, jaribio ambalo awali liliitwa Minotaur. Waliolisukuma zaidi ni Scott MacGregor na David Bienvenu. Toleo la 1.0 lilifuata Desemba 2004, mwezi mmoja baada ya ndugu yake, kivinjari cha Firefox, na 2.0 likatoka Aprili 2007. Hizi zilikuwa namba za kawaida: kubwa ilipobadilika, watu walijua kwamba kazi kubwa imefanyika.

Ndugu hao wawili hawakulelewa sawa. Firefox ilikuwa na kisanduku cha kutafutia, na Google ililipa ili watafutaji wapelekwe kwake. Fedha hizo ndizo zilizoiendesha Mozilla. Thunderbird haikuwa na kitu cha namna hiyo cha kuuza. Julai 2007 Mitchell Baker, kiongozi wa Mozilla, alitangaza kwamba nguvu zingeelekezwa kwenye Firefox, na kwamba Thunderbird ingetafutiwa makao mengine. Makao yakapatikana: kampuni tanzu mpya yenye mtaji wa dola milioni 3, iliyoongozwa na David Ascher na kupewa jina la Mozilla Messaging. Kampuni hiyo ilitoa toleo la 3.0 Desemba 2009, zaidi ya miaka miwili na nusu baada ya 2.0. Aprili 2011 ikarudishwa ndani ya Mozilla.

Hapo ndipo toleo la 4 lilipopotelea. Thunderbird hutumia injini ileile ya Firefox, iitwayo Gecko, kuchora maandishi na picha za barua, na nyufa za kiusalama za injini hiyo ni nyufa zake pia. Mwaka 2011 Firefox ilianza kutoa toleo jipya kila wiki sita. Thunderbird ikavalishwa namba za ndugu yake, na Juni mwaka huo ikaruka kutoka 3.1 hadi 5.0. Tangu siku hiyo namba iliacha kupima ukubwa wa mabadiliko. Ilieleza tu injini ni ya awamu gani.

Mwendo huo haukudumu. Julai 2012 Baker alitangaza kwamba Thunderbird haikuwa tena kipaumbele. Wafanyakazi wa Mozilla wangeendelea kutengeneza marekebisho ya usalama, lakini mambo mapya yangetegemea watu wanaojitolea. Kuanzia toleo la 17, programu ikahamia kwenye mkondo wa Firefox wa msaada wa muda mrefu, unaotoa toleo kubwa takriban mara moja kwa mwaka. Kwa kuwa injini iliendelea kuhesabu kila wiki sita, kati ya toleo moja kubwa na lingine namba saba zilipita.

Kwa nini Mozilla ilirudi nyuma? Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba watu walikuwa wamehama: Gmail ilianza mwaka 2004, na wengi wakazoea kusomea barua ndani ya kivinjari. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mapema mwaka 2015 mradi wenyewe uliripoti kwamba matumizi ya Thunderbird yalikuwa yakiongezeka, na hii ni miaka miwili na zaidi baada ya uamuzi ule. Huenda sehemu yake katika ulimwengu mzima wa barua pepe ilipungua, lakini watumiaji hawakuikimbia. Kwangu maelezo ya fedha na wahandisi yana uzito zaidi. Mwaka 2012 Mozilla ilikuwa inajenga mfumo wake wa simu, Firefox OS, na mikono yenye ujuzi huwa haitoshi kwa ndoto mbili.

Waliobaki walistahimili kwa namna inayostahili heshima. Oktoba 2014, mjini Toronto, wachangiaji walichagua baraza la kuusimamia mradi. Toleo la 38 la mwaka 2015 liliunganisha kalenda ndani ya programu, kazi ambayo watumiaji waliisubiri kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Baker alieleza kwamba kuzifunga Firefox na Thunderbird pamoja kulizilemea zote mbili, na utafutaji wa makao ukaanza upya. Miongoni mwa waliofikiriwa ni The Document Foundation, walezi wa LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi. Mei 2017 uamuzi ukawa kubaki chini ya Wakfu wa Mozilla kisheria na kifedha, huku mradi ukijitegemea katika kazi zake.

Bila mkataba wa utafutaji kama ule wa Firefox na Google, mradi uliwaomba watumiaji wachange, nao wakachanga. Januari 2020 ulihamishiwa katika kampuni tanzu ya wakfu, MZLA Technologies, ambayo ingeweza kuajiri na kuingia mikataba kwa urahisi zaidi. Mwaka huohuo toleo la 78 liliingiza usimbaji wa OpenPGP, unaoficha maandishi ya barua kwa wasiohusika, ndani ya programu, lakini pia lilifunga mlango kwa viongezo (programu ndogo za kuongezea uwezo) vya mtindo wa zamani, kwa sababu Firefox ilikuwa imeuondoa msingi wake. Wapo waliokwama kwenye toleo la 68 kwa ajili ya kiongezo kimoja walichokipenda. Namba nazo zilirefusha hatua, kwani Firefox sasa ilitoa matoleo kila wiki nne: baada ya 78 likaja 91, kisha 102.

Mwaka 2022 michango ilipita dola milioni 6, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Toleo la 115 la Julai 2023 likaja na sura iliyojengwa upya, na Oktoba 2024 Thunderbird ikaingia kwenye simu za Android, ikijengwa juu ya K-9 Mail, programu huria iliyokuwa imejiunga na mradi mwaka 2022. Machi 2025, kwa toleo la 136, mradi ulifanya matoleo ya kila mwezi kuwa chaguo la kawaida kwa anayepakua upya kwenye kompyuta. Mkondo wa mwaka haukufutwa: toleo lake la 140 lilitoka Julai 2025, na anayependa utulivu kuliko upya bado anaweza kulichagua.