Barakoa ya Wu Lien-teh
Kinga ya pua na mdomo ya shashi na pamba, iliyobuniwa Harbin, kaskazini-mashariki mwa China, wakati wa tauni ya mapafu ya 1910–1911 iliyoua watu wapatao 60,000. Mbunifu wake, daktari mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, alishikilia kwamba ugonjwa huo ulienea kwa pumzi ya mgonjwa, wala haukuhitaji viroboto wa panya. Gérald Mesny, daktari Mfaransa aliyemzidi umri na uzoefu, alimdharau, akahudumia wagonjwa bila barakoa, na Januari 1911 akafa kwa tauni hiyohiyo. Baada ya hapo madaktari, askari na hata raia waliivaa. Ilishonwa kwa urahisi na kufungwa kisogoni, ila haikukinga macho. Barakoa ya N95 ya leo huhesabiwa kuwa mjukuu wake.